Aliyengoja kwa Kufanya Kazi

Maisha ya Johann Ludwig Krapf (1810–1881)

Soma kwa ajili ya juma hili: Habakuki 2:1–3, Mathayo 24:14, 36, 45–51, Luka 19:12–13, Yohana 4:36–38, 1 Wathesalonike 4:13–18, Waebrania 11:13, 39–40.

Fungu la kukariri: Luka 19:13

SABATO MCHANA
Kabla ya Mvua za Vuli

Katika vijiji vya Kibuta, na Kisarawe kwa jumla, mkulima hangoji mvua za vuli akiwa amekaa barazani. Hufyeka, hulima, huchagua mbegu za mahindi na kuandaa vipando vya mihogo. Hajui siku ambayo mvua itaanguka. Anachojua ni kwamba ikimkuta shamba bado lina magugu, imemkuta hayuko tayari. Kungoja kwake kunaonekana mikononi.

Katika majira hayohayo ya mwaka, makanisa mengi huingia katika majuma manne yanayotangulia Krismasi, ambayo huitwa Majilio, yaani kuja kwa Bwana. Waadventista Wasabato hawana kalenda hiyo, lakini neno lenyewe limo katika jina lao. Adventista ni mtu anayengoja kuja kwa Bwana, si kwa majuma manne tu, bali siku zote za maisha yake.

Swali ni hili: mtu hungojaje? Na angojapo miaka mingi, akazika wapendwa wake, akaona kazi yake haizai, je, kungoja huko kumekuwa bure? Juma hili darasa linajifunza maisha ya mtu ambaye hakuwa Mwadventista Msabato, lakini aliyeishi na kufa akiutazamia ujio wa Kristo, na ambaye kila msomaji wa Biblia ya Kiswahili ana deni kwake.

JUMAPILI
Kijana Kutoka Nchi ya Wangojao

Soma Mathayo 24:36 na Habakuki 2:1–3.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika ufalme wa Württemberg, ambao leo ni sehemu ya kusini ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Ludwig alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, jirani alimpiga vibaya kwa kosa la mtoto mwingine, na maumivu yakamlaza kitandani kwa miezi kadhaa. Katika miezi hiyo alisoma Biblia kwa bidii, hasa habari za wazee wa imani katika Agano la Kale. Jambo lililoanza kwa dhuluma likawa mlango wa Neno la Mungu.

Alipopona alipelekwa shuleni Tübingen. Huko alionyeshwa ramani ya Afrika, akashangaa kuona jinsi upande wa mashariki ulivyoachwa na nafasi tupu. Akiwa bado kijana alikwenda Basel, Uswisi, kujifunza kazi ya umisheni. Lakini mashaka yalimwingia kuhusu wito wake, akaondoka. Alisoma theolojia Tübingen hadi mwaka 1834, kisha akawa msaidizi wa mchungaji kijijini. Wito ule haukumwacha. Hatimaye alijitoa kwa Chama cha Umisheni cha Kanisa, yaani CMS, chenye makao yake Uingereza.

Ili kumwelewa Krapf, ni lazima kuwaelewa watu waliomlea katika imani. Wakristo wengi wa Württemberg walipenda sana kuuchunguza unabii. Mwalimu wao mkuu, Johann Albrecht Bengel, aliyefariki mwaka 1752, alikuwa amepiga hesabu kutoka kitabu cha Ufunuo akafikia mwaka 1836 kuwa mwanzo wa utawala wa miaka elfu. Baadhi ya familia ziliuza mali zao na kuhamia mashariki kuelekea Urusi. Wengine walianzisha mwaka 1819 kijiji cha waumini kilichoitwa Korntal, karibu na Stuttgart. Mwaka 1836 ulikuja, ukapita. Krapf alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita.

Mwadventista akisoma habari hii anaitambua mara moja, kwa maana historia ya kanisa lake nayo imepita katika bonde hilo. Tarehe iliyopangwa na wanadamu ikipita, mtu anasimama kwenye njia panda. Anaweza kulitupa tumaini lote pamoja na hesabu. Anaweza pia kuiacha hesabu na kulishika tumaini. Mwaka 1837 Krapf alipanda meli kwenda Afrika.

Tafakari: Ni jambo gani huwafanya wengine wapoteze imani matarajio yao yanapovunjika, na wengine waimarike?

JUMATATU
Milango Iliyofungwa

Soma Matendo 16:6–10.

Krapf alitumwa kwanza Uhabeshi, yaani Ethiopia. Alifika Adowa, lakini mwaka 1838 yeye na wenzake wakafukuzwa. Mwaka 1839 alifika Shoa, katika nchi ya mfalme Sahle Selassie, akakaa huko hadi 1842. Huko alikutana na Waoromo, akawapenda, akajifunza lugha yao na kuanza kutafsiri sehemu za Maandiko. Moyo wake ulishikwa na wazo kwamba Waoromo wakiipokea Injili, nao wataipeleka ndani ya Afrika.

Alipoteremka kwenda pwani mwaka 1842 aliporwa mali zake njiani, akanusurika kwa shida. Huko Misri alimwoa Rosine Dietrich, dada kutoka Basel aliyekuwa na moyo wa umisheni kama yeye. Wakageuza nyuso zao kurudi Shoa, lakini njia zilikuwa zimefungwa. Wakiwa katika safari hiyo, katika nchi kame, Rosine alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati. Walimwita Eneba, jina ambalo maana yake ni chozi. Mtoto hakuishi. Wazazi walimzika njiani, wakaendelea.

Kwa kuwa njia ya kaskazini haikupitika, Krapf aliwaza kuwafikia Waoromo kwa kuzunguka kutoka kusini, kwa pwani ya Waswahili. Mwishoni mwa mwaka 1843 mume na mke walipanda chombo kutoka Aden. Chombo kilivuja, wakakaribia kuzama, wakarudi. Wakapanda kingine. Mwanzoni mwa Januari 1844 walitia nanga Zanzibar. Sultani Sayyid Said, ambaye alikuwa Mwislamu, aliwapokea kwa heshima na kumpa Krapf barua kwa maliwali wake wa pwani ili wamtendee mema.

Mtu angeweza kusema kwamba Krapf alifika pwani ya Kiswahili kwa kushindwa. Hakuitafuta pwani hii, bali alisukumwa kwayo na milango iliyofungwa. Hata hivyo kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa ikimngoja hapo.

Tafakari: Paulo alizuiwa kuingia Asia na Bithinia kabla ya kuitwa Makedonia. Je, kuna mlango uliofungwa katika maisha yako ambao sasa unauona kwa macho mengine?

JUMANNE
Mwaka 1844

Soma 1 Wathesalonike 4:13–18.

Mwezi Mei 1844 Krapf na Rosine walihamia Mombasa. Mnamo Juni 8 Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Alikuwa bado mwanafunzi wa lugha. Alisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Ali bin Muhiddin, ambaye alikijua vyema Kiswahili cha mji wake. Hivyo mmoja wa walimu wa kwanza walioifungulia Biblia njia ya Kiswahili alikuwa mwanachuoni wa Kiislamu. Wakazi wa Pwani, wanaoishi mlango kwa mlango na majirani Waislamu, wasilisahau jambo hili.

Mwezi mmoja tu baadaye homa iliingia nyumbani. Krapf aliugua vibaya. Kabla hajapona, Rosine alijifungua mtoto wa kike, naye homa ikamshika. Kitandani aliiombea kazi ya Mungu Afrika Mashariki, na mtawala wa nchi pia. Mwezi huohuo wa Julai alifariki, na baada ya siku chache mtoto naye akafariki. Krapf hakutaka wazikwe mahali pa faragha. Aliwazika ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, kwenye njia iliyotumiwa na wapitao kwenda na kutoka Mombasa, ili kaburi lenyewe liseme kwa nini walikuja. Kaburi hilo liko Nyali hadi leo. Mwaka 1875 CMS ilianzisha Frere Town, makao ya watumwa waliokombolewa, si mbali na hapo.

Mjane yule, akiwa bado mdhaifu wa homa, aliwaandikia wakuu wake Ulaya. Hakuomba kurudishwa. Aliwaeleza kwamba sasa kaburi moja liko katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba hiyo ni ishara kuwa vita vimeanza upande huu wa dunia, kwa kuwa kanisa husonga mbele kwa kupita juu ya makaburi ya watu wake.

Miezi mitatu baada ya mazishi hayo, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, maelfu ya wafuasi wa William Miller nchini Marekani walikesha wakingojea. Tarehe 22 Oktoba 1844 ilipita bila Bwana kuonekana, na wakalia hadi kulipopambazuka. Kanisa la Waadventista Wasabato lilichipuka miongoni mwa wachache waliorudi kwenye Maandiko baada ya Masikitiko Makuu hayo. Watu hao na Krapf hawakujuana. Lakini mwaka ule mmoja ulikuwa na machozi Mombasa na machozi New England, na pande zote mbili wapo waliofungua tena Biblia na kuendelea. Miaka michache baadaye, sura tatu za kwanza za Mwanzo katika Kiswahili cha Krapf zilichapishwa katika jarida la wataalamu wa lugha hukohuko Marekani.

Wafu katika Kristo wamelala. Rosine na watoto wake hawajui kilichofuata baada yao: hawajui kwamba Biblia ilitafsiriwa, wala kwamba maelfu sasa huimba kwa Kiswahili katika nchi ile. Watakapoamshwa na sauti ya malaika mkuu, kwao itakuwa kana kwamba usiku mmoja tu umepita.

Tafakari: Fundisho la hali ya wafu linambadilishaje mtu aliyefiwa? Linampa sababu gani ya kuendelea na kazi?

JUMATANO
Rabai na Njia za Bara

Soma Yohana 4:36–38 na Mhubiri 11:4–6.

Mwezi Juni 1846 Krapf alipata mwenzake, Johannes Rebmann, kijana wa Württemberg kama yeye. Tarehe 25 Agosti mwaka huo walianza makao Rabai, kwenye vilima nyuma ya Mombasa, wote wawili wakiwa na homa siku ile. Wazee wa Rabai waliwakubali wakae kwao.

Waongofu walikuwa wachache sana. Mmoja wa wale wa kwanza alikuwa Mringe, mtu mlemavu na maskini, aliyebatizwa akiwa karibu na kufa. Machoni pa dunia hayo hayakuwa matunda ya kutosha kwa miaka ile na makaburi yale. Mbinguni hesabu ni tofauti.

Wawili hao walisafiri mbali. Mwaka 1848 Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro ukiwa na theluji, na baadhi ya wasomi wa Ulaya walikataa kuamini. Mwaka huohuo Krapf alikwenda Usambara kwa Kimweri, mtawala wa Vuga. Desemba 1849, akiwa Ukambani, aliuona mlima Kenya. Mapema mwaka 1850 yeye na Jakob Erhardt walisafiri kwa chombo kuelekea kusini hadi upande wa mto Ruvuma. Katika safari hiyo waliipita pwani ya Uzaramo. Mji wa Dar es Salaam ulikuwa bado haujajengwa, wala hakukuwa na mmisionari Kisarawe. Krapf aliipita nchi hii akiwa na ndoto ya mnyororo wa vituo vya Injili kutoka pwani ya mashariki hadi pwani ya magharibi ya Afrika.

Mwaka 1851 alirudi Ukambani. Kivoi, mkuu aliyekuwa mwenyeji wake, aliuawa katika shambulio karibu na mto Tana. Krapf alitoroka peke yake porini, akichota maji kwa mtutu wa bunduki kwa kukosa chombo kingine, akarudi Rabai akiwa amechoka kabisa. Mwaka 1853 afya yake ilimlazimisha kuondoka.

Wala hakuwa mtu mkamilifu. Mipango yake mara nyingi ilikuwa mikubwa kuliko nguvu za watu aliokuwa nao. Yeye na Rebmann hawakukubaliana daima, kwa kuwa Rebmann aliona ni bora kukaa mahali pamoja na kufundisha kwa subira. Katika vitabu vyake yamo maneno makali juu ya watu na dini walizokuwa nazo, ambayo Mkristo wa leo hapaswi kuyarudia. Mungu alimtumia si kwa sababu ya makosa hayo, bali licha yake.

Pamoja na safari zote hizo, kuna kazi moja aliyokuwa akiifanya kila siku kimyakimya. Alikuwa akikusanya maneno. Sarufi yake ya Kiswahili ilichapishwa Tübingen mwaka 1850, pamoja na orodha ya maneno ya lugha sita za Afrika Mashariki. Wengine waliyahesabu hayo kama kazi ndogo ya pembeni. Miaka ilionyesha kwamba yale maneno ndiyo yaliyokuwa mbegu.

Tafakari: Ni kazi gani katika kanisa lako inayoonekana ndogo, lakini ambayo watakaokuja baadaye wataihitaji?

ALHAMISI
Jioni ya Korntal

Soma Mathayo 24:45–51 na Luka 19:12–13.

Krapf alikwenda kukaa Korntal, kile kijiji kilichoanzishwa na watu waliomngojea Bwana. Hakukaa mikono mitupu. Aliandika habari za safari zake. Mwaka 1862 alirudi pwani, akawasaidia wamisionari wa Kimethodisti kuanza kazi Ribe, karibu na Rabai. Miaka michache baadaye alikwenda tena Uhabeshi kama mkalimani, lakini maradhi yakamrudisha. Huko nyumbani aliendelea na tafsiri za Maandiko kwa lugha za Uhabeshi, na kwa miaka mingi aliifanyia kazi kamusi kubwa ya Kiswahili.

Mwaka 1875 Rebmann naye alirudi, baada ya karibu miaka thelathini Afrika. Alikuwa kipofu. Alikuja kukaa Korntal karibu na rafiki yake wa zamani, akafariki mwaka uliofuata. Krapf akabaki na kamusi yake.

Mwishoni mwa Novemba 1881 mazungumzo yake na rafiki yaligusa kuja kwa Bwana. Mzee huyo wa miaka sabini na moja alieleza kwamba hisia ya ukaribu wa ujio huo ilikuwa imemjaa kiasi cha kumshinda kuieleza, na kwamba yafaa kuutumia wakati vizuri na kuwa tayari. Siku iliyofuata, Jumamosi tarehe 26, aliingia chumbani mwake jioni akiwa na afya yake ya kawaida. Asubuhi alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufariki katika maombi. Katika makanisa ya nchi yake asubuhi hiyo ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio.

Bwana hakuwa amekuja. Je, mzee yule alikosea? Alikosea ikiwa kungoja ni kubashiri siku. Lakini kwa kila anayelala, ujio wa Bwana uko karibu kama kufumba na kufumbua macho, kwa kuwa baada ya pumzi ya mwisho sauti inayofuata ni ile ya ufufuo. Na katika chumba chake kulikuwa na ushahidi wa jinsi alivyongoja: kamusi ambayo haikuwa imetoka bado. Ilichapishwa London mwaka 1882. Mtu aliyeamini kwamba Bwana yu karibu sana alikuwa ametumia miaka yake ya mwisho kuandaa kitabu ambacho yeye mwenyewe hangekitumia.

Kamusi na sarufi hizo ziliingia mikononi mwa wengine. Kazi iliendelezwa Zanzibar na Edward Steere na wenzake, na mwaka 1891 Biblia nzima ya Kiswahili ikachapishwa. Mwaka 1903 Johannes Ehlers na Abraham Enns walipofika milima ya Upare kuanza kazi ya Waadventista Wasabato katika nchi ambayo sasa ni Tanzania, walikuta lugha yenye Biblia tayari. Mwaka 1952 ikatoka tafsiri ya Union, inayosomwa hadi leo katika madarasa mengi ya Shule ya Sabato.

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma tena Waebrania 11:13, 39–40, kisha Ufunuo 14:6–12.

Apandaye mnazi hujua kwamba huenda wajukuu ndio watakaoangua nazi zake, lakini hapandi kwa huzuni. Krapf alipanda hivyo. Hakuona kanisa kubwa Rabai wala Biblia nzima ya Kiswahili, na mnyororo wake wa vituo haukutimia jinsi alivyouchora. Lakini leo mwanamke wa Kibuta anapoketi jioni chini ya mkorosho na kumsomea mjukuu wake ahadi ya kuja kwa Yesu, anaisoma kwa lugha ambayo mtu mmoja mgonjwa na mfiwa alianza kuitafsiria Neno la Mungu mwaka 1844.

Wako wanaofikiri kwamba kuamini ujio wa Bwana kunamfanya mtu asijali shamba, shule wala watoto wa kesho. Wako pia wanaojali kesho hata wakasahau kwamba Bwana anakuja. Bwana aliyewakabidhi watumwa fedha aliwaagiza wafanye biashara hadi atakaporudi, naye hakuwaambia siku ya kurudi. Mtumwa mwaminifu ni yule anayekutwa kazini. Akikutwa amelala usingizi wa mauti, kazi yake imefuatana naye, na wengine wameishika.

Maswali ya Kujadili

1. Mwaka 1836 ulipita Württemberg, na Oktoba 22, 1844 ikapita Marekani. Darasa lijadili: kuna tofauti gani kati ya kupanga tarehe na kuishi kama mtu anayejua kwamba Bwana yu karibu?

2. Krapf alisaidiwa na sultani na kadhi, wote Waislamu. Je, jambo hili linafundisha nini juu ya kuishi na kushuhudia miongoni mwa majirani wa Pwani?

3. Kama Bwana hatarudi kabla hujalala mauti, ni kitu gani ambacho kanisa la mahali pako litakikuta tayari kwa sababu wewe ulikiandaa? Kila mmoja ataje jambo moja analoweza kulianza juma hili, kabla mvua hazijanyesha.